Hita ya Gari la Zamani Inapovuja: Maji Yanatoka Wapi na Yazibwe Vipi

Zulia la upande wa abiria linapolowa katika gari la zamani, jibu hutegemea gereji uliyokwenda. Fundi mmoja atasema mvua imepenya kwenye mpira wa kioo cha mbele. Wa pili atasema ni maji ya kiyoyozi, yaachwe yakauke. Wa tatu atafungua boneti, atachomoa mipira miwili inayoingia nyuma ya dashibodi, ataiunganisha kwa kipande cha bomba, kisha atamwambia mwenye gari kwamba hita ni kitu cha Ulaya na huku kwetu haina kazi. Kila jibu kati ya hayo linaweza kuwa sahihi kwa gari fulani kwa siku fulani, na ndiyo maana ubishi hauishi: watu hugombania tiba kabla ya kukubaliana ni maji gani yaliyomwagika. Kwa anayetunza Land Rover, Peugeot 504 au Mercedes-Benz W123 iliyomzidi hata yeye umri, kosa hapa haliishii kwenye zulia, kwa sababu hita inayovuja inaweza kuua injini.

Tuanze na majina. Kwa kipimo cha FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, gari huanza kuhesabiwa kuwa la kihistoria likitimiza angalau miaka 30, na hayo ndiyo magari tunayoyazungumzia. Hita ni mfumo unaochukua joto la injini na kulipeleka ndani ya gari, miguuni mwa abiria na kwenye kioo cha mbele. Katika magari haya haina moto wake wala waya wa kupashia joto. Kinachofanya kazi ni maji yale yale yanayopoza injini, ambayo yakichanganywa na dawa ya kuzuia kutu na kuganda mafundi huyaita kulanti. Pampu huisukuma kulanti kuzizunguka silinda, ikatoka ikiwa ya moto, na sehemu yake hupita kwenye mpira mmoja hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa ndani ya boksi la hita, kisha hurudi kwenye pampu kwa mpira wa pili. Feni hupuliza hewa katikati ya mapezi ya rejeta hiyo ndogo, na hewa hutoka ikiwa na joto. Magari mengi yana pia koki, ambayo dereva huifungua na kuifunga kwa kitasa kilichopo kwenye dashibodi. Kwa hiyo sehemu za kushukiwa ni rejeta ndogo, koki, mipira na klipu zinazoibana mipira hiyo.

Gari moja maarufu lazima liwekwe kando mapema. Volkswagen Beetle ya injini ya nyuma hupozwa kwa hewa, na ndani yake hamna maji hata tone. Hita yake huchukua hewa iliyopata joto kwa kupita ndani ya maganda ya chuma yanayozunguka mabomba ya moshi. Bomba likitoboka kwa kutu ndani ya ganda hilo, kinachoingia kwa abiria ni moshi wenye kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kumuua mtu bila yeye kujua. Mwenye Beetle anayesikia harufu ya moshi, au anayeumwa kichwa kila hita inapofunguliwa, aifunge, ashushe vioo, na asiitumie tena mpaka mabomba na maganda yake yakaguliwe. Yanayofuata yanahusu magari yanayopozwa kwa maji.

Kinachoiunganisha hita na uhai wa injini ni shinikizo, yaani ile presha inayojengeka ndani ya mfumo wa maji injini inapopata joto. Mpishi aliyehama kutoka Dar es Salaam kwenda Njombe anajua kwamba maharage huchelewa kuiva huko, kwa kuwa maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, na kwamba sufuria ya presha huondoa shida hiyo kwa kuuzuia mvuke usitoke. Mfuniko wa rejeta hufanya kazi ile ile. Una springi inayozuia shinikizo lisitoke mpaka lifike kiwango kilichoandikwa juu yake, ambacho katika magari mengi ya zamani ni kati ya pauni 4 na 15 kwa inchi ya mraba, kipimo kile kile cha upepo wa tairi. Mfuniko wa pauni 7 hupandisha kiwango cha kuchemka cha maji kwa takribani nyuzi 11, na wa pauni 15 kwa takribani nyuzi 20.

Hesabu hiyo ina uzito zaidi kwa wanaoishi milimani. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Limuru, mita 2,200, ni karibu nyuzi 93. Themostati, kile kizibo kinachofunguka kwa joto ili kuruhusu maji yaende kwenye rejeta kubwa, katika magari mengi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Gari ambalo mfumo wake haushiki shinikizo linabaki na nafasi ya nyuzi chache tu kati ya joto lake la kawaida na kuchemka. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano kwenye hita linatosha kuleta hali hiyo. Ndiyo sababu gari lenye hita inayotiririsha matone machache, ambalo Mombasa lilikuwa linakwenda bila lawama, huanza kuchemsha likipanda milima, na mwenye gari akaanza kubadilisha pampu, rejeta kubwa na feni, huku chanzo kikiwa chini ya miguu ya abiria wake. Kuna hatari nyingine juu ya hiyo. Maji yakipungua mpaka kihisio cha geji ya joto kikabaki kwenye hewa, mshale unaweza kushuka badala ya kupanda, na dereva akaendelea na safari akiamini mambo yametengemaa.

Kwa nini hita iharibike kabla ya sehemu nyingine? Vijibomba vya rejeta ndogo ni vyembamba kuliko vya rejeta kubwa, na katika nchi za joto koki hukaa imefungwa miaka na miaka. Kulanti iliyofungiwa humo haizunguki, dawa yake ya kuzuia kutu huisha, na uchafu hutulia chini na kuanza kuila shaba. Wanaojaza rejeta kwa maji ya kisima huongeza chumvi na chokaa. Kisha huja kosa ambalo watu hulifanya kwa nia njema: mfuniko wa zamani wa pauni 7 unapochakaa, duka la vipuri lina wa pauni 13 au 15 unaoingia vizuri, na mwenye gari hudhani ameongeza usalama. Shinikizo hilo jipya hutafuta sehemu dhaifu kuliko zote, na mara nyingi huipata ndani ya boksi la hita. Mfuniko ununuliwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, hata ikibidi kuuagiza.

Sasa turudi kwenye zulia. Kabla ya kugusa spana, inua zulia na ile felti iliyo chini yake, pangusa sakafu ikauke kabisa, halafu tandika karatasi nyeupe au kitambaa cheupe. Maji ya kiyoyozi hayana rangi, harufu wala utelezi, na hutokea tu siku kiyoyozi kilipowashwa. Magari mengi ya umri huu hayana hata hicho kiyoyozi. Maji ya mvua nayo huja baada ya mvua au baada ya kuosha gari, na njia yake huwa mpira wa kioo uliokauka au tundu la kupitishia maji lililoziba kwa majani chini ya kioo cha mbele. Kulanti ina rangi, kijani au buluu au nyekundu kutegemea aina, inateleza kati ya vidole, ina harufu tamu, na huonekana baada ya injini kupata moto bila kujali hali ya hewa. Dalili yake kubwa zaidi ni ukungu wenye mafuta unaoganda upande wa ndani wa kioo cha mbele hita inapowashwa, ambao kitambaa husambaza tu badala ya kuufuta. Ikiwa mwenye gari amekuwa akitumia maji matupu, rangi na harufu havitasaidia. Hapo apime kiwango cha maji asubuhi injini ikiwa baridi, siku kadhaa mfululizo. Kimiminika kinachoteleza upande wa dereva karibu na pedali kinaweza kuwa mafuta ya breki au ya klachi, na gari hilo lisitoke nje ya geti.

Kulanti haipaswi kuonjwa ili kuitambua, ingawa wapo wanaofanya hivyo. Aina nyingi hutengenezwa kwa ethilini glikoli, sumu yenye ladha tamu inayoharibu figo, na utamu huo huwavutia watoto na mbwa. Beseni la kulanti iliyomwagwa lisiachwe wazi uani hata kwa dakika chache.

Ukishajua ni kulanti, tafuta mahali hasa inapotokea, na kazi hii hufanywa injini ikiwa baridi. Mfuniko wa rejeta ukifunguliwa injini ikiwa ya moto, maji yaliyokuwa yamezuiwa na shinikizo hugeuka mvuke mara moja na kurukia uso na mikono. Anza na kilicho rahisi kufikiwa: kamua mipira kwa vidole ukitafuta nyufa na sehemu zilizolainika kwa mafuta, angalia ncha zake mahali klipu zinapobana, kisha angalia koki. Koki nyingi za zamani huvujia kwenye mhimili wake, pale unapozunguka, na matone yake hufuata mpira au waya na kudondokea mbali na chanzo, hivyo rejeta ndogo nzima imelaumiwa mara nyingi bure. Kwenye baadhi ya Mercedes W123 nafasi ya koki imechukuliwa na vali ya umeme yenye utando wa mpira ndani yake. Utando huo ukichanika hita huweza kutoa joto muda wote, na kifaa hicho hurekebishwa bila kugusa dashibodi.

Kifaa kinachomaliza ubishi ni pampu ndogo ya mkono yenye geji, inayofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta. Fundi hupampu mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, asivuke hapo, kisha huacha robo saa huku akitazama mshale na kupitisha tochi kwenye kila kiungio. Mshale ukishuka na hakuna tone nje, sikiliza na kunusa kwenye matundu ya hewa ya dashibodi. Gereji isiyo na pampu hiyo inaweza kuitoa rejeta ndogo, kuziba mlango mmoja, kuizamisha ndani ya beseni la maji na kuipuliza kwa pampu ya baiskeli taratibu; mapovu yataonyesha tundu. Kompresa ya kujazia tairi isitumike, kwa maana huweza kupasua kilichokuwa kizima.

Hapa ndipo lazima tuseme habari ya kuunganisha mipira miwili na kuiacha hita nje ya mzunguko. Kama njia ya kufika nyumbani ni njia nzuri kabisa, na kila anayesafiri na gari la zamani angebeba kipande cha bomba la shaba chenye kipimo cha mipira yake pamoja na klipu mbili. Mipira iunganishwe ili maji yaendelee kuzunguka, badala ya kuzibwa kila mmoja peke yake, kwa kuwa zipo injini ambazo njia ya hita ndiyo inayozungusha maji kabla themostati haijafunguka. Madai kwamba hita haina kazi Afrika hayana msingi, na ayasemaye hajaendesha alfajiri ya Julai kati ya Makambako na Njombe, au ndani ya mvua ya Molo wakati kioo kimejaa ukungu na mbele hapaonekani. Hita pia ni rejeta ya akiba. Gari linapoanza kupandisha joto kwenye mlima Kitonga, kufungua koki yote na kuwasha feni ya hita hutoa sehemu ya joto la injini kupitia ndani ya gari; abiria watatoka jasho, lakini dereva atapata nafasi ya kufika mahali salama pa kusimama. Aliyeiondoa hita ameitupa akiba hiyo.

Dhana hiyo ina ndugu yake, ile ya kuitoa themostati kwa madai kwamba ni ya nchi za baridi. Injini isiyo na themostati huchelewa kufikia joto lake, hula mafuta zaidi na huchakaa haraka. Kwa injini zenye themostati iliyopewa pia kazi ya kufunga njia fupi ya maji, kuitoa huacha sehemu ya maji ya moto ikizunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari likachemsha zaidi kuliko mwanzo.

Kuhusu yai, pilipili manga, manjano na poda za kuzibia zinazouzwa madukani, ambavyo watu hutia ndani ya rejeta, ni kweli kwamba mara nyingine huziba tundu dogo. Haziwezi, hata hivyo, kutofautisha tundu na njia. Huganda popote penye wembamba na mtiririko hafifu, na hapo ni kwenye vijibomba vya hita na vya rejeta kubwa. Yai hasa huoza humo ndani. Poda ya dukani inaweza kumtoa mtu porini. Baada ya hapo mfumo wote usafishwe, na anayeuza gari lenye poda hiyo amwambie mnunuzi.

Ikithibitika kwamba rejeta ndogo ndiyo iliyotoboka, ugumu wa kazi hutegemea gari. Land Rover Series III, zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, zina boksi la hita chini ya boneti, na fundi mwenye spana za kawaida hulitoa bila kugusa dashibodi. W123 ni upande wa pili kabisa: dashibodi nzima hutoka, na plastiki iliyokaa juani miaka 40 hupasuka kwa kuvutwa tu. Kwa gari la namna hiyo ningeshauri mtu asiingie kazini kabla ya kuwa na rejeta mpya, sponji mpya za kuzibia mianya ya boksi na mipira mipya mezani, kwa kuwa hakuna atakayependa kuirudia kazi hiyo kwa ajili ya mpira wa bei ndogo. Kila hatua ipigwe picha. Betri itolewe waya ule uliofungwa kwenye bodi, na ikumbukwe kwamba magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yana waya wa chanya kwenye bodi.

Rejeta ndogo za zamani nyingi ni za shaba, na hiyo ni bahati kwetu, maana mafundi rejeta wa mijini kwetu wanaimudu kazi ya kulehemu kwa risasi. Fundi huisafisha kwanza kwa kupitisha maji kinyume na mkondo wa kawaida, hukwangua hadi shaba ing'ae, hupaka asidi ya kulehemia, kisha hupitisha risasi. Tundu kwenye maungio ya tangi la pembeni hushika vizuri. Vijibomba vilivyoliwa kwa ndani havitengenezeki, kwa sababu leo utaziba kimoja na mwezi ujao kitatoboka cha jirani. Hapo ni kubadilisha kiini chote, yaani vijibomba na mapezi yake, na kubakiza matangi ya asili, ambayo ni suluhisho bora kwa gari ambalo kipuri chake hakipatikani tena. Za alumini hazilehemiki kwa risasi kwa njia hiyo, na kwa kawaida hubadilishwa.

Kabla ya kurudisha rejeta iliyotengenezwa, jiulize nini kiliipasua ile ya kwanza, maana gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, ikiungua huingiza hewa ya mwako kwenye maji na kupasua chochote kipya kitakachofungwa. Dalili zake ni mapovu yanayoendelea kwenye mdomo wa rejeta injini ikiunguruma, na mipira inayokuwa migumu dakika chache tu baada ya injini baridi kuwashwa. Hilo likikutwa, gasketi itangulie.

Kujaza upya kunahitaji subira. Tumia maji yasiyo na chumvi, kama yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri, ukihakikisha kwamba hujauziwa asidi ya betri, na uchanganye nusu kwa nusu na kulanti. Kwa injini zenye shaba na risasi nyingi, inashauriwa kutumia kulanti ya aina ya zamani yenye silikati, ibadilishwe kila baada ya miaka 2, badala ya zile za asidi ogani zilizotengenezewa magari mapya. Egesha gari pua ikiwa juu, fungua koki ya hita yote, mimina polepole huku ukikamua mipira, na kama gari lina skrubu ya kutolea hewa iache wazi mpaka maji yatoke bila mapovu. Hita inayotoa hewa baridi wakati injini imeshapata moto ina hewa iliyonasa ndani. Injini ipoe, maji yaongezwe, na zoezi lirudiwe. Klipu zikazwe tena baada ya injini kupata moto na kupoa mara ya kwanza, kwa kuwa mipira mipya hulegea ikishaonja joto. Felti iliyolowa kulanti ioshwe kwa maji mengi na kuanikwa juani, au itupwe, kwa sababu glikoli haikauki upesi na chuma kilicho chini yake huliwa na kutu kikiwa kimefunikwa. Karatasi nyeupe irudishwe sakafuni kwa wiki nzima kabla ya zulia kulazwa.